Goma: Mnatuletea bashi, mafundi wetu wamekaa bila kazi

 

Nataka tuzungumze juu ya bashi, ile nailoni nyeupe ya mashirika ambayo hapa kwetu hata mtoto mdogo anaijua. Kanyaruchinya ilifunikwa nayo. Bulengo, Lushagala na Rusayo vilevile. Tangu vita viliporudi mwishoni mwa 2021 na watu wa Rutshuru, kisha wa Masisi, wakaanza kumiminika huku, swali la watu watalala wapi limekuwa na jibu moja: vijiti, kamba na bashi juu ya mawe makali ya volkano. Mvua ya Goma mnaijua. Bashi likichanika, familia inangoja orodha mpya, na orodha mpya inangoja ufadhili mpya.

Halafu mwezi wa pili 2025 watu wa kambini wakapewa saa 72 waondoke. Mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamepita humo. Walibeba walichoweza kubeba, na pale walipokuwa wamelala miaka miwili hakukubaki hata tofali moja.

Sasa niulize swali ambalo katika mikutano ya mashirika halipendwi: pesa ile yote ilimwajiri nani? Bashi linatengenezwa katika kiwanda ambacho si cha hapa. Linapakiwa, linasafirishwa, linalipiwa bohari, linasindikizwa na magari yenye bendera, linagawiwa mbele ya kamera. Katika safari hiyo yote kila mmoja amepata mshahara wake. Kijana wa Goma alipata nini? Alishusha mizigo siku moja, akapewa pesa ya unga.

Tazama sasa nyumba yetu ya kawaida, ile ya mbao na mabati. Msingi ni mawe ya volkano, na hayo mawe hayanunuliwi nje ya nchi. Kuna mtu ameyachimba kwa mtaimbo. Kuna mama ameketi chini ya jua akiyaponda kuwa kokoto, ndoo kwa ndoo. Kuna aliyepasua mbao za mikaratusi kule milimani na kuna wa chukudu aliyeziteremsha. (Chukudu tumeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji, lakini mwenye kuisukuma hana kazi siku nyingi.) Fundi anasimamisha nguzo, mwanafunzi wake anashika kamba na kujifunza kupima. Seremala wa mtaani anatengeneza mlango na dirisha. Muuza misumari anauza, na mama wa chakula anapika maharage ya wafanyakazi. Simenti na mabati, ndiyo, vinatoka kwa majirani, Rwanda na Uganda. Lakini kilichobaki chote kinalipa mikono ya hapa, na pesa hiyo jioni inaingia sokoni Birere.

Mnaosema ni ndoto, kumbukeni tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002. Nyiragongo ilimwaga moto mpaka katikati ya mji na kufunika maduka, nyumba na makanisa. Lava ilikuwa haijapoa vizuri watu wakaanza kuipasua na kujenga juu yake kwa mawe yaleyale. Ni wakaaji wenyewe, kwa nyundo. Wengi wao bado ni mafundi wazuri na wamefundisha watoto wao kazi. Na bado moto uliporudi mwezi wa tano 2021 na kuchoma nyumba za Nyiragongo mpaka pembeni ya Buhene, walioteketezewa nyumba wakaletewa tena bashi.

Najua majibu ya wakubwa. La kwanza ni kwamba hii ni dharura. Kwa majuma ya kwanza nakubali, hakuna anayejenga ukuta usiku watu wakiwa wamelala barabarani. Lakini dharura ya miaka mitatu ni nini? Ni uvivu wa kufikiri. La pili ni ardhi. Sheria ya mwaka 1973 inasema ardhi ya Congo ni mali ya Serikali, na ibara ya 48 ya Katiba inahakikisha haki ya makao yanayofaa. Kila anayeshika madaraka anayajua hayo vizuri anapokata viwanja vya kuuza. Kiwanja cha mkimbizi ndicho hakipatikani.

Jibu la tatu linaniudhi zaidi: eti mkijengewa nyumba nzuri hamtarudi kwenu. Mtu wa Masisi anarudi kwa sababu ya shamba lake na ng'ombe wake, wala hafukuzwi na bashi linalovuja. Tena nyumba ya mbao haifungi mtu. Inabomolewa ubao kwa ubao, inapakiwa kwenye gari, inasimamishwa tena kijijini. Waliorudi na kukuta nyumba zimechomwa wangekuwa na pa kuanzia.

Kuna mahali wamefanya vingine. Kule Kalobeyei, kaunti kame ya Turkana nchini Kenya, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilianza kuzipa familia pesa za kujenga nyumba ya kudumu. Familia yenyewe inanunua vifaa na kuchagua fundi. Kenya hiyohiyo, tangu sheria ya 2024, inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri analipa kiasi hichohicho, kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Wafanyakazi wengi wanalalamika, na wana sababu: unakatwa leo bila kujua kama nyumba itakuwa yako. Kwetu, ambako benki zilifunga milango tangu mwezi wa kwanza 2025, mshahara wa kukata uko wapi? Tuchukue tu lile la Kalobeyei: pesa ipite mkononi mwa mwenye nyumba kwenda kwa fundi.

Na tusidanganywe na ile kazi ya siku kumi ya kufagia barabara na kuzibua mifereji, halafu ripoti inaandika kwamba vijana wameajiriwa. Siku ya kumi na moja kijana ana fulana mpya, hana ufundi. Aliyejenga nyumba tano chini ya fundi mzuri anaweza kujenga ya sita peke yake. Wala mjenzi mkubwa asitoke mbali na kundi lake, akachukua soko lote na kuwaacha mafundi wetu wakimdai miezi.

Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote hapa, ilikata misaada mwaka 2025. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Pesa imepungua na njia zimepungua, basi kila dola ya makao inunue mbao za hapa, mawe ya hapa na milango ya seremala wa hapa. Kwenye kila shantiye wakimbizi wenyewe wawe nusu ya wafanyakazi, na akina mama wanaoponda mawe waandikwe kwa majina yao, walipwe bila kupitia kwa mkubwa fulani.

Kwa kuanzia tunaomba hesabu moja tu. Bashi moja, likiwa limeshafika Goma, pamoja na usafiri, bohari na mishahara ya waliolileta na kuligawa, ni dola ngapi? Mkitupa namba hiyo tutaisoma hewani, na fundi wa Ndosho ataweka ya kwake pembeni yake.