Mlipe Fundi Ufundi, Mlipe Mwenye Duka Spea

Ukitafuta pikipiki ya mkono wa pili, swali la kwanza huwa "mwisho ngapi?" Sio swali baya, lakini ni nusu ya hesabu. Pikipiki iliyotumika ina bei mbili: ile unayolipa siku ya kununua, na ile utakayolipa kidogo kidogo ili iendelee kutembea. Ya kwanza mnaweza kupatana na muuzaji. Ya pili haisikii maneno ya mtu.

Maoni yangu ni haya, na najua mafundi wengine hawatayapenda: pesa za spea zisipitie kwa fundi. Lipa duka moja kwa moja kwa simu, kisha mlipe fundi kazi ya mikono yake. Nitaeleza kwa nini, lakini hebu tuanze mahali hasara nyingi huanzia.

Kabla hujaweka PIN

Anza na logibuku. Umiliki huhamishwa mtandaoni kupitia mfumo wa NTSA: muuzaji anaanzisha kwa akaunti yake, wewe unakubali kwa yako. Ukiambiwa "mwenyewe amesafiri, tutabadilisha baadaye," rudisha simu mfukoni. Bodaboda nyingi hununuliwa kwa mkopo, na deni lisipoisha, jina la mkopeshaji linaweza kuwa bado liko kwenye logibuku. Ukinunua hivyo, umenunua deni la mtu. Siku moja pikipiki itafuatwa, na utakayekutwa nayo ni wewe.

Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile zilizoandikwa. Kisha guse injini kabla haijawashwa. Ikiwa tayari ina moto, uliza ni nani ameipasha, kwa sababu pikipiki inayokataa kuwaka asubuhi huficha ugonjwa wake ikishapata joto. Moshi wa bluu unamaanisha inachoma oili, na hiyo inaweza kuwa kazi ya kufungua injini.

Usitume "pesa ya kushikia" kwa mtu ambaye hujamwona na pikipiki ambayo hujaigusa. Na siku ya kulipa, soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Kama sio lile la kwenye logibuku, simama hapo hapo mpaka upate jibu linaloeleweka.

Ile bei ya pili

Injini za pikipiki zetu nyingi za kazi hubeba oili ya lita moja na kidogo tu, na oili hiyo hiyo ndiyo inalainisha gia na klachi. Ndiyo maana hutakiwi kuweka oili yoyote uliyokuta. Oili ya gari dogo inaweza kufanya klachi iteleze, halafu ulaumu klachi. Fuata kipimo cha mtengenezaji, na uhesabu kilomita, usihesabu miezi. Mtu anayetembea kilomita 100 kwa siku anamaliza 3,000 ndani ya siku 30. Wa kwenda kanisani Jumapili hatafikisha hata nusu.

Filta ya hewa ndiyo husahaulika zaidi, hasa kwenye barabara za murram. Vumbi likipita hapo linasaga ringi na silinda polepole, bila kelele. Cheni ikiisha, badilisha pamoja na sproketi zake, maana meno yaliyochakaa huila cheni mpya haraka. Breki hazina mjadala. Umebeba mtu.

Sasa pesa. Ukitenga shilingi 50 kila siku ya kazi, siku 26 zinakupa 1,300. Ziweke kwenye akiba ya simu ambayo hutumii kununua chakula. Mkopo wa simu unaweza kukuokoa pikipiki ikikufia barabarani ghafla, lakini oili sio dharura. Unajua inakuja. Kukopa kila mwezi kwa ajili ya kitu unachojua kinakuja ni kulipa ada ya kutojipanga. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa injini ni ghali.

Kwa nini spea zisipitie kwa fundi

Ukimtumia fundi pesa moja ya "spea na kazi," hujui spea ilikuwa ngapi. Hujui kama ni halisi, na ikiharibika baada ya wiki huna wa kumrudia. Duka linasema halikujui, fundi anasema duka ndilo lilimuuzia. Ukilipa till ya duka mwenyewe, kuna jina, tarehe na kiasi. Mgogoro ukitokea una pa kuanzia.

Najua jibu la mwendeshaji: "Sina muda wa kwenda Kirinyaga Road kutafuta cheni, saa moja nje ya barabara ni pesa." Ni kweli. Lakini hulazimiki kwenda. Fundi akague na ataje spea kwa jina na modeli. Piga simu dukani uulize bei, lipa kwa till ukiwa hapo hapo gereji, na mwenzako wa steji ailete. Ikifika, ona boksi likifunguliwa, na uombe spea ya zamani uende nayo. Ufundi lipa ukishaijaribu barabarani.

Na fundi mwaminifu hapotezi kitu hapa. Mara ngapi ametoa pesa mfukoni mwake kununua spea, halafu mwenye pikipiki akapotea? Mara ngapi ameitwa mwizi kwa sababu bei ya duka ilipanda? Kama amekuwa akiishi kwa kile kidogo anachoongeza kwenye spea, basi apandishe bei ya ufundi wake waziwazi. Ujuzi wake una thamani, na ni heri ulipwe kwa jina lake.

Meseji ni rekodi, lakini nusu

Meseji ya malipo haisemi ulinunua nini wala pikipiki ilikuwa kilomita ngapi. Kwa hivyo andika hayo kwenye daftari siku hiyo hiyo: tarehe, kilomita, spea, na kodi ya muamala. Siku utakapouza, mnunuzi ataona pikipiki iliyotunzwa, sio maneno matupu. Ukimwonyesha, mwonyeshe daftari. Meseji yenyewe ina salio lako, na hilo halimhusu.

Ukifunga kazi leo jioni, fungua akiba, weka zile 50 za kwanza, na uandike kilomita zilizo kwenye dashibodi. Kesho fundi wako mweleze utaratibu mpya mapema, kabla kitu hakijavunjika. Maneno hayo ni rahisi kusema pikipiki ikiwa nzima.