Diwani kavua shati!

Wale kina dada mlionuna kwa sababu ya ile mada ya vitenge vya mkopo, naomba radhi, yaishe. Leo simsemi mtu. Leo nina kasheshe ya nyumbani kwetu, na mhusika mkuu ni ndege.

Ndiyo, ndege. Usicheke kwanza.

Pale nyumbani tuna kasuku, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Jina lake Diwani, kwa sababu anaongea sana na kazi hafanyi. Marehemu babu, ambaye alikuwa utingo wa malori ya kwenda Kigoma, ndiye alirudi naye mwaka 1993 akiwa kwenye kikapu. Kwa hiyo Diwani ni braza wangu kabisa, maana mimi wakati huo nilikuwa bado sijazaliwa. Kasuku hawa wakitunzwa vizuri miaka arobaini si kitu, na wengine wanavuka hapo.

Babu alipofariki, Diwani akawa wa Bibi. Bibi alikuwa anauza maandazi barazani, na tundu la Diwani linaning'inia pembeni yake tangu asubuhi. Akawa kama spika. "Maandazi ya moto! Usishike kama hununui!" Wanafunzi wanacheka, biashara inakwenda. Na mimi nikirudi shule, kabla sijavua viatu, nasikia sauti mbili kwa pamoja: "We mwanangu, umekula?" Moja ya Bibi, moja ya Diwani. Mpaka namaliza kidato cha nne nilikuwa sijui kuzitofautisha.

Mwaka jana Bibi akatutoka. Mungu amlaze pema.

Siku ya tatu ya matanga, watu wamejaa, kinamama wako kwenye mkeka, kimyaa. Ghafla kutoka kwenye tundu: "We mwanangu, umekula?" Sauti ile ile ya Bibi. Shangazi mmoja alianguka pale pale. Mama alilia mpaka sauti ikakauka. Jioni ile akachukua khanga, akafunika tundu, akalipeleka stoo, nyuma ya jiko. Hakuna aliyemuuliza. Na wewe ungekuwepo usingeuliza.

Tukazoea. Asubuhi nampelekea maji, namtupia karanga na alizeti, nafunga mlango. Mwezi wa kwanza alikuwa anaita. Mwezi wa pili akanyamaza. Nikasema afadhali, kasahau.

Siku moja nikaingia na tochi nikakuta sakafu imejaa manyoya kama kumechinjwa kuku wa sikukuu. Nikammulika. Bwana we! Kifua kitupu. Mapaja matupu. Chini ya mabawa kumebaki ngozi ya rangi ya waridi yenye vipele. Kichwa tu ndicho kimebaki na manyoya yake yote, nadhifu kama kawaida. Yaani kama mzee wa heshima kavaa kofia halafu kavua shati na suruali. Nikiwa bado nashangaa, akainamisha shingo, akakamata unyoya mmoja begani, akauvuta. Akapiga kelele ya maumivu. Halafu akaufuata mwingine.

Hapo ndipo washauri walipoanza kumiminika. Mtaani kwetu ushauri ni bure, ndiyo maana ni mwingi.

Wa kwanza alisema ni mkono wa mtu. Huyo nilimwacha na imani yake.

Wa pili, muuzaji wa duka la dawa za mifugo, hata ndege hakumwona. Eti utitiri huo. Akaniuzia unga wa kuku, nikampaka. Diwani akapiga chafya siku nzima, na kunyonyoa akaendelea.

Wa tatu alikuwa jirani yetu: "Mpake pilipili, akionja hatarudia." Nikasaga pilipili mbuzi, nikampaka. Msomaji wangu, Diwani aliilamba kama kachumbari! Baadaye ndiyo nikaja kujua kwamba ndege hawasikii ukali wa pilipili hata kidogo. Kule porini wao ndio wanaozila na kusambaza mbegu zake. Aliyelia siku hiyo ni mimi, maana nilijifikicha jicho.

Mwisho nikajikusanya, nikauza raba zangu moja, nikampeleka kwa daktari wa mifugo anayejua ndege. Nilidhani atachoma sindano tuondoke. Wapi! Alimshika Diwani kwa taulo, akamwangalia ngozi, mdomo na kinyesi, akachukua damu kidogo. Halafu akaanza kunihoji mimi kama niko kituo cha polisi.

"Kichwa kina manyoya?" Ndiyo. Akasema basi anajinyonyoa mwenyewe, kwa sababu kichwa ndiyo sehemu pekee ambayo mdomo wake haufiki. Kichwa nacho kikiwa kitupu, unatafuta mwingine: ama ndege mwenzake anamnyonyoa, ama ni ugonjwa unaoua manyoya yenyewe. Na akanionya nisichanganye na kupukutisha kwa kawaida. Ndege wote hubadilisha manyoya, lakini yanatoka kidogo kidogo na mapya yanaota. Hawabaki kipara.

"Anakula nini?" Karanga na alizeti. Akatikisa kichwa. Chakula hicho ni mafuta matupu, vitamini A na madini ya chokaa havitoshi, na ngozi ndiyo inaanza kulalamika. Tena karanga zikivunda kidogo zinaota sumukuvu, ambayo inakula ini la ndege taratibu.

"Analala wapi?" Stoo. "Karibu na nini?" Jiko la mkaa. "Mnapuliza dawa ya mbu?" Kila jioni. Jamaa akavua miwani. Mapafu ya ndege ni laini mno, akasema, moshi na dawa za kupuliza ni adui yake. Na ndege huyu asili yake ni misitu ya mvua, anataka hewa yenye unyevu, maji ya kuoga na jua la asubuhi.

Halafu likaja swali la mwisho. "Nani anakaa naye?"

Nikanyamaza.

"Zamani alikuwa anakaa na nani?"

Nikamweleza habari za Bibi, na matanga, na khanga. Daktari hakusema kitu kwa muda. Baadaye akaniambia kasuku wa kijivu porini anaishi na kundi, na siku yake nzima ni kutafuta chakula na kupiga soga na wenzake. Ukimfungia peke yake gizani, ile akili inakosa kazi, na mdomo unageukia manyoya. Na akili wanayo, msifanye mchezo. Kule Marekani alikuwepo kasuku kama huyu, Alex, aliyefundishwa na mtafiti Irene Pepperberg. Mpaka anakufa mwaka 2007 alikuwa anataja rangi, maumbo na idadi ya vitu. Kuna wanafunzi wenzangu wa kidato cha pili ambao sina hakika nao.

"Vipimo vya damu si vibaya," daktari akasema. "Huyu amefiwa kama ninyi. Tofauti ni kwamba ninyi mliliana pamoja, yeye mkampeleka stoo."

Sio siri, nilitoka pale nimenywea.

Nyumbani nilimkuta Mama anachambua mchele. Nikamsimulia yote, nikijua atanifukuza. Akaendelea kuchambua. Akachambua mpaka ungo ukaisha. Halafu akasema, "Mlete nimwone." Nilipofunua ile khanga, Mama aliweka mkono mdomoni. "Masikini," akasema. "Mama angetuona tulichokifanya."

Tundu likarudi barazani siku hiyo hiyo.

Sasa, kwa wale wenye ndege nyumbani, hivi ndivyo tulivyofanya. Chakula tulibadilisha polepole kwa wiki kadhaa, maana kasuku ukimbadilishia ghafla anaweza kugoma mpaka afe njaa. Siku hizi anakula mchicha, karoti, boga, viazi vitamu vya kuchemsha, hoho na papai. Karanga zimekuwa zawadi. Parachichi ni marufuku kabisa, ni sumu kwake. Chokoleti, chumvi na kahawa vilevile.

Asubuhi namnyunyizia maji safi kwa ile chupa ya saluni, akauke kabla ya jioni. Usiku namfunika saa kumi au kumi na moja hivi apate usingizi wa kutosha, na muziki wa baa wakizidisha tunamwingiza chumba cha Mama. Kazi anayo: namfungia karanga ndani ya karatasi, naficha nyingine kwenye magunzi, nampa vipande vya boksi avipasue. Bora apasue boksi kuliko kifua.

Na jambo gumu kuliko yote: akijinyonyoa, tusipige kelele. Ukikimbia "Diwani, acha!" yeye anaona kumbe hii ndiyo namna ya kuitwa. Tunamsemesha akiwa ametulia. Kuhusu ile kola ya shingoni, daktari alisema ni ya ndege anayejitafuna mpaka nyama. Inazuia mdomo, haiondoi sababu.

Imepona? Nusu nusu, sidanganyi. Baada ya miezi mitatu malaika laini yalianza kuota kifuani, kama ndevu za kijana wa kidato cha tatu. Mabawa yamefunika. Lakini paja la kushoto ni tupu mpaka leo, na daktari anasema huenda likabaki hivyo. Tundu la unyoya likiumizwa mara nyingi, halioti tena. Na siku tukimwacha peke yake muda mrefu anarudia.

Kabla hamjaanza kuniuliza nitawapatia wapi wenu, sikilizeni. Kasuku hawa wametekwa sana misituni hadi mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ukaamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya wale wanaokamatwa porini. Anayekuuzia mmoja kwenye boksi kituo cha mabasi anakuuzia kesi. Suala la kufuga linaanzia ofisi ya wanyamapori, siyo gengeni. Na jiulize kwanza: nani atakaa naye miaka arobaini?

Wiki mbili zilizopita nilirudi nyumbani usiku, nimechoka, mfukoni sina kitu. Mama amekaa barazani na Diwani. Kabla sijavua viatu, nikasikia: "We mwanangu, umekula?"

Nikatazama tundu. Diwani alikuwa amelala, kichwa kwenye bawa.

Alikuwa Mama.

Nikamwambia bado. Tukala wali na mchicha, na Diwani alipoamka akapata wake. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Ciao!