Hatari Isiyo na Mtenda: Dhidi ya Usomaji wa Maajabu katika Riwaya ya Kiswahili

Wahakiki wa riwaya ya Kiswahili wamejijengea desturi ambayo makala hii inakusudia kuipinga bila kumung'unya maneno. Kila wanapokutana na ulimwengu wa kubuni ambamo mambo hayaendi yaendavyo, ambamo mji hugeuka mahame, marehemu hurudi kudai haki yake, au mtu hurushwa angani akafie kusiko na kaburi, wao huandika kwamba uhalisia umevunjika, wakati umesambaratika, mipaka imefutika. Kisha hulitundika jina la uhalisiamazingaombwe, huitaja Amerika ya Kusini, na hulifunga jalada. Msomaji huondoka akijua kwamba kitu kimevunjika. Hakuambiwa nani kakivunja.

Yafaa tuanze na sarufi, kwani kosa lenyewe ni la kisarufi kabla halijawa la kinadharia. Kiswahili kina kauli mbili zinazokaribiana kwa sura na kutofautiana kwa nia. Kauli ya kutendwa husema "kikombe kimevunjwa", na papo hapo humwita mtenda mlangoni: kimevunjwa na nani? Kauli ya kutendeka husema "kikombe kimevunjika", na mlango hufungwa. Hapana mzazi asiyeijua siri hii. Mtoto aliyekiangusha kikombe haji kwa mamaye akasema "nimekivunja". Husema "kimevunjika", kana kwamba kikombe kiliamka asubuhi kikaamua kupasuka. Mama hucheka, kisha huuliza swali linalostahili. Wahakiki wetu wamelipokea jibu la mtoto na kuliita nadharia.

Sisi tunaosoma na kufundisha fasihi katika Bonde la Ufa la kati hatuna ruhusa ya kulichukulia jambo hili kuwa mzaha wa darasani. Tunaishi mahali ambapo hatari zinazoupotosha uhalisia zina historia ndefu, na ambapo namna ya kuzisimulia imewahi kuwa suala la uhai na mauti.

Shetani wa Menengai

Juu ya mji wa Nakuru liko bonde la volkeno la Menengai, lenye upana wa yapata kilomita 12 kwa 8. Wakazi wa pembeni mwake wana hazina ya visa juu ya mahali hapo. Husimulia kwamba mtu akishuka humo hupotewa na fahamu za njia, akazunguka saa nyingi asijue mashariki wala magharibi. Kwamba kuna shamba la shetani lionekanalo limelimwa na mikono isiyoonekana. Kwamba wako walioshuka wasirudi. Ukimpa mgeni visa hivi bila kumwambia vimetoka wapi, atadhani vimetolewa katika bunilizi ya kisayansi kuhusu sayari ambayo ardhi yake huila akili ya msafiri kabla ya kuula mwili wake.

Mhakiki wa mazingaombwe angefurahi hapa. Angetuambia kwamba mapokeo ya Kiafrika hayatenganishi ulimwengu unaoonekana na usioonekana, na kazi yake ingekuwa imekwisha. Lakini visa vya Menengai vinajua zaidi kuliko anavyojua yeye. Kwanza, ni kanuni ya usalama iliyovikwa joho la kutisha: humo mna nyufa, mvuke wa moto, lava iliyoganda, vichaka na kuta ndefu ambazo kwa kweli zaweza kumpoteza mtu. Pili, na hili ndilo kubwa, jina lenyewe la Menengai husemwa linahusiana na maiti. Mapokeo ya Wamaasai husimulia vita vya karne ya 19 kati ya Ilpurko na Ilaikipiak, na wapiganaji waliosukumwa wakaporomoka kutoka ukingoni. Yaani nyuma ya jini kuna mtu aliyesukumwa, na nyuma ya aliyesukumwa kuna msukumaji. Mzimu ni kivuli cha kitendo. Msimuliaji wa kienyeji hakumfuta mtenda. Alimhifadhi katika jina la mahali.

Tangu mwaka 2011 visima vya jotoardhi vimechimbwa ndani ya bonde hilo, na ule mvuke ulionenwa kuwa pumzi ya mizimu sasa hupimwa kwa megawati. Hilo halikukifuta kisa, wala halikukithibitisha. Limeonyesha tu kwamba ajabu yoyote ile yaweza kuulizwa inatoka wapi na inamfaa nani, nayo ikajibu.

Neno lililoigeuza jirani kuwa doa

Sasa tuitazame hatari kubwa zaidi iliyowahi kuupotosha uhalisia katika eneo hili. Haikutoka ardhini. Ilitoka kinywani.

Katika mapigano ya mwaka 1992 huko Molo na Olenguruone, ya Januari 1998 huko Njoro, na ya Januari 2008 mjini Nakuru na Naivasha, magazeti na hotuba zilitumia lugha moja: mapigano yalizuka, ghasia zililipuka, uhasama ulifufuka. Zuka, lipuka, fufuka: ni lugha ya volkeno. Msikilizaji aliyekuwa mbali angeweza kuamini kwamba Bonde la Ufa lina ugonjwa wa ardhi ambao kila uchaguzi ukikaribia hutapika moto, na kwamba hapana wa kulaumiwa ila jiolojia. Hata hivyo, kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku mwaka 1992, na Tume ya Akiwumi iliyoteuliwa mwaka 1998, zilitaja mikono ya wanasiasa na maofisa wa utawala. Volkeno ilikuwa na wapulizaji.

Na wapulizaji walikuwa na sitiari. Neno "madoadoa", ambalo kwa asili ni la ng'ombe, chui na kitambaa, lilitwaliwa likapewa watu: jirani aliyetoka jimbo jingine, aliyenunua shamba, aliyezika wazazi wake hapo, akawa doa. Mwanafunzi wa fasihi atazame kwa makini utaratibu wa sitiari hii. Haisemi "muueni". Inasema kwamba kuna kitambaa, kwamba kitambaa kilikuwa safi, kwamba mtu fulani ni uchafu juu yake. Kitenzi cha kusafisha hakina haja ya kutamkwa. Msikilizaji atakijaza mwenyewe. Hapo ulimwengu umepinda. Mtu amelala akiwa jirani na kuamka akiwa doa, na hakuna chombo cha angani wala sayari ngeni iliyohitajika. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililitia neno hilo katika orodha ya maneno ya chuki. Wanasheria, basi, walikwisha kuitambua nguvu ya sitiari, huku baadhi yetu tuliosomea sitiari tukiendelea kuandika kwamba mipaka imefutika.

Riwaya zinamtaja mtenda

Tukirudi kwenye riwaya zenyewe, tutaona kwamba waandishi hawakulifanya kosa linalofanywa na wahakiki wao. Mathalani, Walenisi ya Katama Mkangi (1995) ndiyo kazi yetu iliyo karibu zaidi na bunilizi ya kisayansi. Dzombo anahukumiwa na kutiwa katika chombo cha angani ili akaangamie huko. Badala ya kufa anafika katika ulimwengu wa watu walio sawa, ambao jina lake likikatwa vipande husema "wale ni sisi". Wahakiki wamezoea kukimbilia ulimwengu huo mpya na kuijadili njozi. Mimi nasema tukae kwanza kwenye chombo. Chombo hakikuruka, kilirushwa. Kina waliokiunda, kina hakimu aliyekitia mtu, kina dola iliyoona kwamba ni nafuu kumtupa raia nje ya dunia kuliko kumjibu. Mkangi mwenyewe alitiwa kizuizini mwaka 1986 bila kufikishwa mahakamani. Msomaji wa Kenya aliyejua hivyo hakuhitaji kufafanuliwa maana ya mtu kuondolewa katika ulimwengu akiwa bado hai. Kuiita hali hiyo mazingaombwe ni kumpa mrushaji likizo.

Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila (2002) inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa msuko wake wote ni safari ya kumtafuta mtenda. Msimulizi anapita katika kijiji cha utandawazi kilichoharibika, na uharibifu huo una mwenyewe: P.P., yaani Peter Pan, jina lililotolewa katika fasihi ya watoto ya Uingereza, la mvulana asiyekubali kukua. Makala ngapi zimeridhika kuonyesha mwingiliano-matini huo na kuishia hapo? Swali la riwaya si jina limetoka kitabu gani. Swali ni kwa nini mwenye nguvu za kuichezea dunia amepewa sura ya mtoto asiyekua: yule yule, tukumbuke, asemaye kwamba kikombe kimevunjika.

Naye Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka (2001), ametufundisha kwamba kauli ya kutendeka si dhambi kwa yenyewe. Hakuandika "Babu alipofufuliwa". Babu hakuitwa na mganga wala hakuamriwa na dola. Ameinuka kwa nguvu yake mwenyewe, kama dhamiri iinukavyo, ili amhoji mjukuu aliyeshiba madaraka. Hapa mwandishi amechagua kauli kwa hesabu: aliyefufuka ndiye shahidi, na anayehojiwa yuko mbele yake, ana cheo na ana jina, hata kama jina hilo ni herufi moja. Mwandishi huyu huyu, kwa jina lake la kitaaluma la Khamis, aliijadili Nagona mwaka 2003 kwa kuufungamanisha uhalisia huo wa ajabu na umegekaji wa matini pamoja na usimulizi wa mdomo. Wafuasi wengi walilichukua jina, wakauacha usimulizi. Wangeuchukua usimulizi, wangekutana na bibi wa Menengai, ambaye hamalizi kisa bila kusema nani alimfanyia nani nini.

Pingamizi mbili

Najua litakalosemwa. Kwanza, itadaiwa kwamba narudi kinyemela kwenye uhakiki wa miaka ya sabini, uliomtafuta bepari chini ya kila kitanda. Sivyo. Uhakiki ule ulikuja na jibu kabla ya kusoma. Mimi nadai swali tu. Swali laweza kujibiwa kwamba hapana mtenda. Ziwa Nakuru, ambalo maji yake yalipanda katika muongo wa 2010 hadi yakalimeza lango kuu la mbuga na nyumba za watu, halina hakimu mmoja wa kushtakiwa: mvua iliyozidi imo, na uharibifu wa ardhi na misitu ya juu unatajwa. Jibu la namna hiyo lina heshima yake, kwa sababu limetafutwa. Liweke kando ya bwawa la Solai, lililopasuka usiku wa Mei 9, 2018 na kuua watu wasiopungua 47, wakiwemo watoto. Siku zile tulisikia kwamba bwawa "lilipasuka" na kwamba ni mapenzi ya Mungu. Bwawa haliotei kama uyoga. Lina mjenzi, lina mmiliki, na lina ofisi inayopaswa kulikagua. Anayezitumia sentensi sawa kwa ziwa na kwa bwawa hajui Kiswahili, au anakijua kupita kiasi.

Pili, itasemwa kwamba Kezilahabi ananikanusha: kwamba katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) hatari imo katika lugha na fikra zenyewe, na mtafutaji hazungukwi na adui bali na maswali. Pingamizi hili ni zito, na silipuuzi. Ni kweli kwamba huko hatutampata mrushaji wa chombo. Lakini hebu tuzingatie msafiri wa Nagona anakutana na nani: wafu wenye majina makubwa ya falsafa ya Ulaya. Hata fikra zina waliozifikiri. Kezilahabi hakuandika kwamba maana ilipotea; aliwapanga mstari wale waliodai kuimiliki, akapita mbele yao mmoja mmoja. Na mzingile, tusisahau, ni neno la mchezo na la njia zilizochorwa na mtu. Anayepotea humo hajapotezwa na ardhi.

Kazi iliyo mbele yetu

Ninachopendekeza si nadharia mpya; idara zetu zinazo za kutosha, na nyingi bado zimefungwa katika maboksi zilimosafiri. Napendekeza zoezi. Kila mwanafunzi wa uzamili anayeandika juu ya riwaya ya aina hii achukue sura yake ya uchambuzi, apigie mstari vitenzi vyote vya kutendeka, kisha avigeuze kimoja kimoja kuwa vya kutendwa na kuandika kiungo "na" mbele yake. Uhalisia umevunjwa na. Wakati umekatizwa na. Mji umehamwa kwa kufukuzwa na. Pale riwaya inapompa jina la kujaza nafasi, alijaze. Pale isipompa, aseme kwamba riwaya imekaa kimya, na aueleze ukimya huo. Asiruhusiwe kuiacha nafasi ikizibwa na neno "mazingaombwe".

Itadaiwa kwamba hili ni jambo dogo kwa taaluma yenye matamanio makubwa. Nakubali ni dogo. Lakini wanafunzi hao hao ndio watakaokuwa wahariri wa magazeti, walimu wa shule za upili za Molo na Subukia, na waandishi wa ripoti za tume zijazo. Siku moja mmoja wao ataketi mbele ya karatasi, nyumba za jirani zikiwa bado zinafuka moshi, akitakiwa kuandika sentensi ya kwanza. Idara ya fasihi haiwezi kumzimia moto ule. Yaweza tu kuwa imemzoeza kutoandika kwamba ulizuka.