Selimundu: Majibu ya maabara yataka mfasiri

Wazazi ambao kila mmoja ana jeni moja ya selimundu huambiwa kliniki kwamba uwezekano wa kuzaa mtoto mgonjwa ni mmoja kwa nne. Baadhi yao hutoka wakiamini kuwa, akishazaliwa mgonjwa mmoja, watatu watakaofuata watakuwa salama. La hasha! Hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba.

Kosa hapo si la wazazi bali la maelezo. Kadhalika, aitwaye "mbebaji" hudhani yu mgonjwa, ilhali jeni moja pekee aghalabu haimdhuru. Tena humkinga kwa kiasi dhidi ya malaria kali, kama alivyoonyesha Anthony Allison mnamo 1954. Ndiyo sababu jeni hiyo imeenea Nyanza, Magharibi na Pwani.

Istilahi yenyewe ni nzuri: chembe ya damu iliyopinda kama mundu. Lakini anayeambiwa kwamba ana "damu mbaya" huelewa laana, na lawama humwangukia mama, ingawa mtoto haugui asiporithi kwa baba pia. Kupima damu ni kazi ya dakika chache. Je, mshauri hufunzwa wapi kuieleza hiyo robo kwa Kidholuo, Kiluhya au Kigiriama?