Imbwa ikilala mu nyumba, tuifundishe mahali pake

Leo tunasema juu ya kitu ambacho bamoja kati yenu batachekea: mukojo wa imbwa mu nyumba. Mucheke, lakini musome mpaka mwisho.

Kutoka Kikula mpaka Panda, mu nyumba nyingi imbwa ndogo hailale tena inje. Inalala chini ya meza, ao kando ya mbabula mu jikoni. Asubuhi tata anarudia kutoka posti ya usiku, anafungua mulango, anakanyaga mukojo. Anapiga imbwa. Kiisha anaamusha mutoto aliyeomba imbwa, anamufokea. Mama anatoka na kitambaa mu mikono, naye anafoka. Tata analala na kasirani, usingizi unakatikakatika, na jioni anarudi ku kazi macho mazito. Siye benye tunaishi na kazi ya mgodi na ya kiwanda tunajua mutu bila usingizi anaweza kufanya nini mbele ya mashine. Kwa hiyo hii haiko mambo ya kucheka tu.

Bazee betu, wakati ya Union Minière na kiisha wakati ya Gécamines, balifuga imbwa mu lupangu. Imbwa ililala inje, ikalia mwizi akipita, basi. Leo lupangu moja imekatwa mara mbili ao tatu, annexe imejengwa mahali pa bustani, na familia tatu zinapita mulango mumoja. Imbwa ndogo ikilala inje inaibiwa, ao jirani anaitupia mawe. Na mvua za kutoka mwezi wa kumi na moja zinaleta matope mpaka mu barza. Kuna pia neno la usalama: nani anataka kufungua mulango saa nane ya usiku juu imbwa inataka kukojoa? Mulango uliofunguliwa saa ile njo mulango mwizi anangojea.

Kuna bale banaosema: imbwa ni ya inje, muiache inje. Kama uko na ukuta muzuri na kibanda kikavu, hatubishane na wewe. Lakini ukiisha kuiingiza mu nyumba, haitoshi kuifungia mulango na kungojea iwe na akili ya mutu. Uifundishe mahali pa kukojolea. Usipoifundisha, itachagua yenyewe, na itachagua mukeka wa mutoto.

Bantu ba mgodi banapaswa kuelewa jambo hili mbele ya bengine. Mwaka 1880, kule Uswisi, batumikaji benye kutoboa njia ya treni chini ya mulima Gotthard balianza kukosa damu, bamoja balikufa. Baganga balikuta minyoo mu matumbo. Chini kule hakukukuwa choo, kila mutu alijisaidia pale aliposimama, na minyoo ikapita mu ngozi ya miguu. Mwaka 1915, kule Japani, baganga Inada na Ido balipata mududu wa ugonjwa wa homa na macho ya manjano uliokuwa unakamata bachimbaji. Ugonjwa ule leo unaitwa leptospirozi. Unapita kwa mukojo: wa panya, na wa imbwa pia, hata imbwa inayoonekana muzima. Mududu anaingia kwa kidonda, kwa macho, kwa kinywa. Hatusemi kila imbwa iko nayo. Tunasema mutoto anayetambaa chini, na tata mwenye kidonda ku muguu, haifai bapite mu mukojo kila asubuhi.

Sasa, tufanye nini? Kule Ulaya na Marekani banauzisha vitambaa vya kutupa, juu kitu cha kunyonya maji, chini plastiki, sawa pampasi ya mutoto. Ni bei, na mushahara wetu tunaujua. Lakini kazi yenyewe inaweza kufanywa na vitu vya nyumba. Kata kiroba cha plastiki, ukitandike chini, juu yake weka magazeti ya zamani. Hata gazeti hii, ukiisha kuisoma, hatutakasirika. Ao chukua karai ya zamani, utie unga wa mbao ao mchanga wa ujenzi. Lakini si mchanga wa kuokota kando ya kiwanda ao ku mabaki ya minerai. Ule usiingie mu nyumba hata kidogo.

Weka mahali pamoja, mbali na chakula na mbali na kitanda, na usihamishehamishe. Imbwa ya miezi mibili haiwezi kushika mukojo zaidi ya saa mbili hivi. Ya miezi mitatu, saa tatu hivi. Haiko ukaidi, ni mwili. Kwa hiyo uipeleke pale ikiamuka, ikiisha kula, ikiisha kucheza, na mbele ya kulala. Sema neno moja, lile lile kila siku. Ikikojoa pale, uisifu pale pale, uipe kipande cha bukari ao kichwa cha ndagala. Ukingoja dakika tano, haitajua unaisifu juu ya nini. Siku za kwanza uache karatasi kidogo yenye harufu, juu harufu njo inayoiita. Ikizoea, punguza magazeti, kiisha usogeze kidogo kidogo karibu na mulango, mpaka siku itajifunza kungojea inje.

Kuipiga hakufundishe. Kuisugua pua mu mukojo pia hakufundishe. Ilikojoa saa kumi ya usiku, wewe unaipiga saa moja ya asubuhi: inaelewa tu kwamba mutu huyu akirudi ku kazi ni hatari. Kesho itakojoa nyuma ya kabati, mahali hutaona. Ukiikuta inaanza kukojoa, piga makofi kidogo, uibebe mpaka ku karatasi, na ikimaliza pale uisifu.

Neno juu ya kusafisha. Bamama bengi banamwanga Javel juu ya mukojo mubichi. Muache. Mu mukojo kuna amoniaki, na Javel ikikutana nayo inatoa gazi inayouma kifua, zaidi mu chumba bila dirisha. Bale banaotumika ku kiwanda banajua gazi haina muchezo. Kausha kwanza na kitambaa, osha na maji na sabuni, kiisha pitisha vinegre kidogo mu maji. Na mikono ioshwe.

Lakini nani atakausha? Hapa njo tuko na neno kwa batata. Mu nyumba nyingi tata ao mutoto njo aliyeleta imbwa, na mama ao binti ya kazi njo anayeinama na kitambaa. Hatukubali hiyo. Mwenye kuleta imbwa, njo mwenye kubadilisha karatasi. Mutoto wa miaka minane anaweza, mukubwa akiangalia kama ameosha mikono. Na tata mwenye kushinda nyumba siku ya mapumziko anaweza pia, haitamupunguzia heshima.

Tena, karatasi haiko gereza. Ni ya imbwa changa, ya imbwa ndogo, ya imbwa nzee, na ya usiku. Mchana itoke, itembee. Imbwa iliyokuwa inajua mahali pake, na mara moja inaanza kukojoa kila mahali, pengine inagonjwa: tafuta munganga wa nyama mbele ya kutafuta fimbo. Na hata imbwa ya mu nyumba ipate sindano ya raji kila mwaka, na dawa ya minyoo. Ikiuma mutu, osha kidonda na maji na sabuni dakika 15, kiisha kimbia ku hospitali siku ile ile.

Tunajua bengi batasema: mishahara inachelewa, umeme unakatika, na ninyi munaandika juu ya mukojo wa imbwa. Ni kweli. Lakini mushahara na umeme haviko mu mikono yetu. Hii iko. Majuma machache ya uvumilivu, magazeti ya zamani na kichwa cha ndagala, na tata akirudi asubuhi atakanyaga simenti kavu, atakula, atalala. Na mutoto hataogopa tena sauti ya ufunguo mu mulango.