Tatizo la United si kocha

Mhariri,

Sisi mashabiki wa Manchester United wa vibanda umiza tumechoka kuambiwa tatizo ni kocha. Julai 2024 uongozi ulimwongezea Erik ten Hag mkataba, Oktoba ukamtimua. Dan Ashworth, mkurugenzi wa michezo waliyemsubiri kwa hamu, hakumaliza hata nusu mwaka. Akaja Ruben Amorim, tukaishia nafasi ya 15!

Katikati ya msimu huohuo viongozi wakafuta chakula cha mchana cha bure kwa wafanyakazi wa Old Trafford, wakawabakizia matunda, eti kubana matumizi. Mpishi amekosa penalti gani? Deni ambalo familia ya Glazer iliibebesha klabu ilipoinunua mwaka 2005 mbona hawalitaji? Akina Glazer wauze hisa zao waondoke.

Shabiki,
Tandika, Dar es Salaam