Mgeni wa Ndege na Njia ya Jogoo Road

Karani mmoja akaaye Makadara ametuletea barua ndefu, na twaona yafaa kuijibu hapa mbele ya wasomaji wote, kwa kuwa jambo aliloliuliza lawahusu wengi. Baba yake mdogo alikuja kwa ndege kutoka Unguja ili atibiwe macho hapa Nairobi. Siku ile karani hakupata ruhusa kazini, basi alimwambia mzee kwa simu, "Ukifika, panda teksi uje mjini, nitakukuta huko." Mzee alifanya kama alivyoambiwa. Alipelekwa mpaka katikati ya mji kwa njia ya Mombasa Road, akangoja saa nyingi, akachoka. Kisha akapata dereva mwingine wa kumleta Makadara, akatozwa mara ya pili. Hakusema neno. Alikula, akashukuru, akalala. Siku ya tatu ndipo ilipojulikana kwamba fedha za dawa zimepungua, na kwamba mzee ameona haya kumwambia mtoto wa nduguye kuwa zililiwa na magari siku ya kwanza.

Karani auliza, "Je, hakuna njia ya mtu mwenye fedha kidogo kutoka kiwanja cha ndege?" Njia ipo, na ajabu ni kwamba yapita karibu na mlango wake mwenyewe.

Jambo la kwanza la kufahamu ni hili: kiwanja cha ndege cha Jomo Kenyatta kiko upande wetu, upande wa mashariki. Watu wa Nairobi wamezoea kufikiri kwamba kila safari huanza na kuisha katikati ya mji, kama vile gari la moshi lianzavyo na kuishia stesheni. Lakini anayetoka Embakasi kwenda Donholm, Buruburu, Jericho au Makadara hana haja ya kuuona mji kwanza. Akipelekwa mjini, amepitishwa mbali na kwao, na kila kilomita ya kurudi ni hasara juu ya hasara.

Wala si jambo jipya kwa wageni wa ndege kuteremkia mashariki. Kabla ya Embakasi, ndege kubwa za abiria zilitua Eastleigh. Kisha tarehe 9 Mei 1958 Gavana Sir Evelyn Baring alikifungua kiwanja cha Embakasi, ambacho sehemu kubwa ya kazi yake ya mikono ilifanywa na wafungwa wa siku za Hali ya Hatari. Kilipewa jina la Mzee Kenyatta katika mwaka 1978. Basi mitaa yetu imekuwa jirani wa viwanja hivyo tangu mwanzo, ijapokuwa ndege zenyewe twazisikia tu zikipita juu ya mabati.

Sasa tuje kwenye gari. Namba ya kukumbuka ni 34. Mabasi na matatu za namba hiyo hufanya safari kati ya kiwanja cha ndege na mjini. Mgeni akiisha kutoka forodhani na mizigo yake, atakutana na watu wengi wa kumwita, wengine kwa upole sana, wakisema kwamba hakuna basi, au basi limekwisha kwenda, au basi si la watu wenye mizigo. Asigombane nao, awape shukrani na apite. Amuulize mfanyakazi wa kiwanja, mwenye sare na kitambulisho kifuani, kituo cha 34 kiko wapi. Wafanyakazi hao wanakijua vizuri, kwa sababu wengi wao hukaa Embakasi, Tassia na Donholm, na hilo ndilo gari lao wenyewe la kwenda kazini na kurudi.

Kabla hajapanda, na aulize swali moja: "Mwapita Jogoo Road au Mombasa Road?" Swali hili lina thamani kuliko maswali mengine yote, maana madereva hubadili njia kwa ajili ya msongamano wa magari. Gari lipitalo Jogoo Road hukata Embakasi, likaingia Outer Ring Road mpaka Donholm, kisha likashuka Jogoo Road yote hadi mjini. Gari lipitalo Mombasa Road halimfai mgeni wa mitaa yetu. Na angoje lijalo. Kungoja nako kuna mambo yake. Gari huondoka likijaa, si saa fulani ikifika, na mgeni aliyezoea ratiba atatazama saa yake mara nyingi bure.

Hapa ndipo wenyeji tunapowapunja wageni wetu. Twawaambia, "Shuka Jogoo Road." Barabara hiyo ni ndefu, nayo imezungukwa na mitaa kushoto na kulia: Makongeni, Mbotela, Kaloleni, Maringo, Jericho, na mingine. Au twasema, "Mwambie kondakta Ofafa." Ofafa ipi? Iko Ofafa Jericho, iko Ofafa Maringo, iko Ofafa Kunguni, zote zimepewa jina la Ambrose Ofafa, diwani wa mji aliyepigwa risasi katika mwaka 1953. Sisi twajua kuzitenga, mgeni hajui. Kadhalika Buruburu, iliyoanza kujengwa katika miaka ya 1970, ina sehemu tano zenye namba, na mtu aliyeshushwa katika sehemu isiyo yake aweza kuzunguka mchana kutwa kati ya nyumba zinazofanana.

Kwa hiyo mwenyeji na amwandikie mgeni wake mambo haya kabla hajaondoka kwao, kwenye karatasi, wala si kwenye simu peke yake, kwa kuwa simu huzimika na laini ya ng'ambo pengine haishiki: jina la kituo cha kushukia, kitu kikubwa kilicho karibu nacho ambacho kila mtu akijua, na namba ya simu ya mtu atakayempokea pale kituoni. Karani wetu wa Makadara ana bahati, kwani mahakama ya Makadara iko pale pale Jogoo Road, na hakuna kondakta asiyeijua. Wengine wana kanisa la St. Stephen, wengine uwanja wa City, ambao tangu 2019 waitwa kwa jina la mchezaji mpira Joe Kadenge. Anayekwenda Buruburu na ashuke penye njia panda ya Rabai Road. Mwenye kwenda Umoja au Kayole hana haja ya kuifikia Jogoo Road hata kidogo. Atashuka Donholm abadilishe gari.

Na yule mwenyeji asiyepata ruhusa kazini hana lazima ya kwenda mpaka kiwanjani. Aweza kumtuma kijana wa nyumbani asimame kituoni Jogoo Road. Hilo halina gharama ila muda. Mgeni akiisha kukaa garini apige simu, au amwombe jirani yake ampigie. Watu wa basi husemwa vibaya sana, na pengine kwa haki, lakini mzee mwenye sanduku akiomba msaada ndani ya 34 hapati taabu kuupata.

Nauli hatuiandiki hapa, kwa maana hupanda jioni na hupanda mvua ikinyesha, na tukiandika leo tutakuwa tumewadanganya wasomaji wa juma lijalo. Itoshe kusema kwamba basi hulipwa kwa noti ndogo na teksi hulipwa kwa noti za elfu. Mgeni aulize nauli kabla ya kupanda na awe na fedha zilizochenjika. Sanduku kubwa likikalia kiti, kondakta ataomba nauli ya kiti hicho. Mimi naona ni halali yake, mradi aseme mapema.

Juu ya fedha, yako mawili ya kuangalia. Mgeni asibadili fedha zake zote kiwanjani. Abadili za nauli na za chakula cha siku moja, kwani aghalabu bei ya mjini ni nzuri zaidi. Pili, wako ndugu waliokuja Kenya zamani wakabaki na noti zetu, wakaziweka sandukuni kwa safari ya pili. Noti ya shilingi 1,000 ya zamani ilikoma kutumika tarehe 30 Septemba 2019. Mzee akiitoa garini ataitwa mwongo bure, naye ni mtu mwaminifu. Mwenyeji na amwonye mapema.

Haya yote ni ya mchana. Ndege nyingi hufika usiku, na hapo shauri letu hubadilika kabisa. Mgeni asitembee na sanduku vituoni usiku wa manane ili aokoe shilingi mia kadhaa. Kama ndege yatua karibu na alfajiri, akae ndani ya jengo mpaka kupambazuke. Kama yatua saa nne ya usiku, mwenyeji atafute gari la kukodi kwa simu, bei ikijulikana kabla ya safari. Kampuni ya Uber ilianza kazi hapa Nairobi mwaka 2015, na Bolt, iliyokuwa ikiitwa Taxify, ikafuata. Mwenyeji aliye nyumbani aweza kuliita gari kwa simu yake mwenyewe, akampelekea mgeni namba ya gari na jina la dereva. Njia hiyo yamfaa pia mgonjwa, na mama mwenye mtoto mchanga. Uchumi wa nyumba ni kitu chema, lakini una mipaka.

Na mgeni akiwa ndani ya gari la kukodi, mchana au usiku, dereva aweza kumwuliza kama apite barabara ya juu, ile ya kulipia, iliyofunguliwa mwaka 2022. Barabara hiyo, yenye urefu wa kilomita 27 hivi kutoka Mlolongo hadi Westlands, ni nzuri kwa aendaye Westlands. Kwa aendaye Jericho ni kulipa ili upelekwe mbali. Mgeni ajibu tu, "Pita Outer Ring, bwana," na dereva atajua kwamba huyu ana wenyeji.

Msomaji mwingine, wa Kaloleni, alituuliza zamani kwa nini hapa hakuna mambo kama ya Ulaya. Ni kweli kwamba aendaye London akiteremka Heathrow aweza kuingia reli ya chini ya ardhi tangu mwaka 1977, na vijana wetu waliokwenda kufanya kazi Dubai wanaijua reli ya huko, ambayo tangu 2009 ina stesheni penye kiwanja cha ndege. Huko njia imeandikwa ukutani, na mgeni asiyemjua mtu yeyote aweza kufika mjini kwa kusoma tu. Kwetu stesheni ya Syokimau ilifunguliwa mwaka 2012, nayo ni stesheni nzuri, lakini iko mbali na jengo la abiria. Mwenye sanduku hawezi kuifikia kwa miguu. Basi maadamu haijaandikwa ukutani, yapasa iandikwe na mwenyeji.

Hata wale wanafunzi 81 waliopanda ndege hapa Septemba 1959 kwenda Marekani, katika safari iliyotayarishwa na Tom Mboya, hawakuachwa watafute njia peke yao katika mji wa New York. Kulikuwa na watu wa kuwapokea, na kila mmoja alijua chuo anachokwenda. Mboya mwenyewe alipata kukaa Ziwani, mtaa wetu huu, na bila shaka alijua maana ya kufika mahali pa ugeni na fedha za kuhesabu.

Yabaki swali la mwisho la karani: je, baba yake mdogo aweza kurudi kiwanjani kwa 34? Aweza, kama ndege yake ni ya mchana. Asimame upande wa Jogoo Road wa magari yatokayo mjini, na amuulize kondakta kama gari lafika kiwanja cha ndege, kwa sababu si kila 34 hufika huko. Nyingine huishia njiani. Aondoke nyumbani mapema sana, na kukiwa na mvua aongeze saa moja juu ya hesabu yake. Karibu na kiwanja kuna mahali pa ukaguzi ambapo abiria huteremshwa na kupita kwa miguu huku gari likikaguliwa. Asishtuke, wala asiache pasipoti yake kitini.

Wasomaji waliouliza juu ya gari la moshi la Mombasa na namna ya kununua tikiti zake watajibiwa juma lijalo.